Gundi Inatosha Kiasi Gani?

Wanachama wenzetu mnaotufahamu mnajua kwamba sisi ni mapacha, na kwamba tangu tuzaliwe hatujawahi kukubaliana kwa zaidi ya dakika kumi. Makala haya tumeyaandika pamoja kwa sababu kosa lenyewe tulilifanya pamoja. Kwa hiyo mtakapokutana na maneno "mmoja wetu", msijisumbue kuuliza ni yupi. Hatutasema.

Tunataka kuzungumzia gundi. Unapounda ndege ya plastiki, ile inayouzwa kwenye boksi ikiwa vipande vipande, utie gundi kiasi gani? Mtu anaweza kusema hilo si swali la kujadiliwa kwenye jarida la Kiswahili. Sisi pia tungesema hivyo kabla ya Desemba iliyopita.

Desemba hiyo Babu, baba yake baba, alikuja kutoka Tanga kukaa nasi Coventry kwa wiki sita. Tulimpokea uwanja wa ndege, tukampa shikamoo, akaitikia marahaba, akatutazama kwa zamu, kisha akauliza kama huku hatupewi chakula. Mizigo yake yote alituachia tumbebee isipokuwa mkoba mmoja mdogo. Huo aliupakata njia nzima ndani ya gari. Tulipofika nyumbani na chai ikanywewa, aliufungua akatoa kitu kilichoviringishwa kwenye kanga kuukuu na kufungwa kwa kamba ya katani. Ndani mlikuwa na boksi la modeli. Rangi zake zilikuwa zimepauka na pembe zake zilishikizwa kwa utepe uliokwisha kugeuka kahawia, lakini picha ilionekana vizuri: ndege nyeupe, ndefu, injini zake nne zote ziko mkiani, mbili kila upande. Super VC10.

"Wajukuu zangu," Babu alisema, "hii ndiyo ndege yangu."

Tulijua kwamba Babu aliwahi kuwa fundi wa ndege. Tulijua kama mnavyojua mambo ya babu zenu, yaani kwa mbali. Usiku ule ndipo tulipoyapata kwa mpangilio. Alikuwa fundi wa East African Airways pale Embakasi, Nairobi. Shirika hilo lilianzishwa mwaka 1946, na baada ya uhuru likawa mali ya Kenya, Uganda na Tanzania kwa pamoja. Kati ya 1966 na 1970 lilipokea Super VC10 tano mpya kutoka Uingereza. Mbili zilisajiliwa Uganda zikabeba herufi 5X, mbili Tanzania kwa 5H, na moja Kenya kwa 5Y, lakini zote zilikuwa za shirika moja na ziliguswa na mikono ileile. Moja ilipotea kwenye ajali ya Addis Ababa, Aprili 1972. Aliyoipenda Babu kuliko zote ni 5H-MOG, iliyokuja 1970, mwaka uleule alioanza kazi. Ilikuwa VC10 ya mwisho kabisa kuundwa kiwandani.

Mwaka 1974 shirika lilimleta Babu Uingereza kwa kozi fupi. Siku ya kuondoka aliingia duka la vitu vya kuchezea akanunua modeli hii ya Airfix, ya kipimo cha 1/144, kwa posho iliyobaki. Alikusudia kuiunda akirudi Nairobi. Hakupata nafasi. Mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ikavunjika, shirika nalo likafa, na mpaka kati ya Kenya na Tanzania ukafungwa. Babu alirudi Tanga na sanduku moja la nguo. Sanduku lake la vifaa vya kazi lilibaki Nairobi kwa rafiki yake, fundi mwenzake wa Kisumu. Boksi la modeli lilisalimika kwa sababu lilikuwa limechomekwa katikati ya mashati.

"Macho yangu hayaoni tena vitu vidogo," alisema, "na mikono nayo ina mambo yake. Mtaijenga ninyi. Mimi nitasimamia. Nataka kuiona imesimama kwa magurudumu yake, na herufi zake ubavuni, kabla sijarudi."

Tuliitikia kwa furaha. Hatukufikiri kwamba boksi lile halina mwenzake. Modeli kama hiyo unaweza kuitafuta kwa wauzaji wa vitu vya zamani na pengine ukaipata, lakini haitakuwa ile iliyosafiri kutoka Uingereza hadi Nairobi, ikateremka Tanga, ikakaa juu ya kabati kwa miaka zaidi ya 45, kisha ikarudi Uingereza mapajani mwa mzee.

Tulianza usiku wa pili, Babu alipokwisha kulala, ili asubuhi tumshtue kwa bawa zima. Hapo ndipo tulipokosea kwanza.

Bawa la modeli huja kwa vipande viwili, cha juu na cha chini, mfano wa ganda la kome. Tulinunua tyubu ya gundi ya plastiki. Sisi gundi tulifundishwa shule ya msingi, kwenye karatasi na manyoya ya kuku: ukitaka kitu kishike, mimina. Basi tukamimina. Tulizungusha ukingo wote wa kipande cha chini kwa mstari mnene kama dawa ya meno, tukafunika kipande cha juu, tukabana. Gundi ikatoka pande zote. Mmoja wetu akashtuka akachukua karatasi ya kufutia pua akafuta. Karatasi ikanata, ikaacha manyoya. Akajaribu kuyatoa manyoya kwa kidole. Kidole nacho kikazama kidogo kwenye plastiki, na kilipoinuliwa kikavuta nyuzi kama za jibini ya moto.

Asubuhi bawa la kushoto lilikuwa na alama ya kidole iliyo wazi kiasi cha kupelekwa polisi. Mistari myembamba iliyochorwa kiwandani kuonyesha maungio ya mabati ya ndege ilikuwa imefutika mahali pakubwa kama sarafu, na upande wa chini kulikuwa na bonde. Tulilifunika bawa kwa gazeti. Kwa siku mbili tulimwambia Babu kwamba bado tunasoma maelekezo.

Siku ya tatu, wakati wa chakula cha asubuhi, Babu alisema, bila kuinua macho kwenye kikombe, "Harufu ya gundi inanifuata mpaka chumbani kwangu, lakini ndege siioni."

Tukaenda kulileta. Tunakiri kwamba tulitaka atukemee, maana ukishakemewa jambo limekwisha. Hakutukemea. Alilipeleka bawa dirishani, akalipapasa kwa dole gumba, polepole, kwenda na kurudi.

"Mmeifuta," alisema.

"Ndiyo, Babu."

"Kuzidisha gundi ni kosa dogo. Kuifuta ikiwa mbichi ndilo kosa kubwa. Ingekauka, mngeisawazisha kwa msasa, na hakuna ambaye angejua."

Kisha akaitaka ile tyubu. Aliinusa, akaisogeza mbali na macho ajaribu kuyasoma maandishi, akaturudishia. "Hii mnaiita gundi?"

"Imeandikwa gundi, Babu."

"Waliiandika watu wa dukani. Sherizi ya seremala ni gundi. Inakaa katikati ya mbao mbili, na mbao zenyewe zinabaki vilevile. Hii hapa ni lehemu."

Neno hilo lilitufungulia mlango. Tuliingia mtandaoni kuhakikisha, na Babu alikuwa sahihi. Modeli nyingi hutengenezwa kwa plastiki ya polistirini, na gundi yake ni kemikali inayoyeyusha plastiki hiyo. Ukiigusisha kwenye kingo mbili, kingo zote mbili zinalainika. Ukizibana, plastiki ya huku inaingiliana na plastiki ya kule. Kemikali inapaa hewani, na kinachobaki ni plastiki tupu, kipande kimoja mahali palipokuwa na viwili. Gundi yenyewe haipo tena. Ile ya tyubu huongezewa uzito ili isitiririke, kwa hiyo hukawia kupaa, na ukiitia nyingi inaendelea kuyeyusha hata baada ya wewe kwenda kulala. Ikifungiwa ndani ya bawa haina pa kutokea haraka, na plastiki inaweza kuzama siku kadhaa baadaye, wakati umekwisha kujisifu.

Kwa hiyo swali la kiasi gani lina jibu, nalo linatokana na kazi yenyewe: itoshe kulainisha kingo mbili, isizidi hapo. Lakini jibu la maneno ni jepesi. Babu alitutaka tulione kwa mikono.

Vipande vya modeli huja vikiwa vimeshikana na fremu ya plastiki, na fremu hiyo hutupwa. Babu akatuambia tukate vijiti vya fremu, tuviunge viwili viwili kwa namna tatu: gundi nyingi kama tulivyozoea, gundi ya kugusa tu, na gundi ya kiasi, yaani utepe mwembamba kwenye upande mmoja. Tuviache mpaka kesho yake, kisha tuvivunje.

Kesho yake kijiti cha gundi nyingi hakikuvunjika. Kilijipinda, maana kiungo kilikuwa bado laini kama ubani uliotafunwa. Cha gundi ya kugusa kilikatika palepale pa kiungo kwa mvuto wa kwanza, kingo zote mbili zikiwa safi kana kwamba hazijawahi kukutana. Cha gundi ya kiasi kilitupa kazi. Kilipokatika hatimaye, kilikatika pembeni, kwenye plastiki nzima, na kiungo kikabaki salama. Babu aliomba apewe kile kipande, akakitia mfuko wa shati. Tunadhani amerudi nacho Tanga.

Baada ya hapo tuliiacha tyubu, tukanunua gundi nyepesi kama maji, ya Tamiya, ile ya kichupa cha kioo chenye kizibo cha kijani na brashi ndani yake. Inatumiwa kinyume na tulivyozoea. Hutii gundi kisha ukaunga. Unaunga kwanza, unashikilia vipande mahali pake, halafu unagusisha ncha ya brashi kwenye mshono. Gundi inakimbia yenyewe ndani ya ufa, kama mafuta ya taa yanavyopanda utambi. Mguso mmoja unakwenda sentimita mbili au tatu. Unasogea, unagusa tena. Kabla ya kugusa unaifuta brashi kwenye mdomo wa kichupa, maana hata brashi iliyojaa ni nyingi mno.

Tulijifunza kujua imetosha lini. Unahesabu pole pole mpaka kumi, unabana kidogo, na kwenye mshono unachomoza ukingo mwembamba wa plastiki iliyolainika, kama shanga zilizotungwa kwenye uzi. Ukiuona huo kwenye mshono wote, acha. Usiuguse, usiufute. Usipouona mahali fulani, ongeza mguso mmoja hapo tu. Ukianza kutiririka, umezidisha, na dawa yake ni kuweka chini na kuondoka. Kesho au keshokutwa ukishakuwa mgumu, msasa utauondoa, na mshono utatoweka pamoja nao.

Tuseme pia kuhusu hewa, maana mvuke wa gundi hii si wa kuvuta. Tulilazimika kufungua dirisha, na Coventry mwezi Januari mnaijua. Babu alisimamia kazi akiwa na koti, kofia, soksi mbili na blanketi la mama. "Mnataka baridi iniue," alisema, "ili mwokoe nauli ya kunirudisha." Lakini hakuondoka kwenye kiti.

Ndani ya wiki hiyo hiyo somo la gundi lilihamia mezani. Baba yetu, wengi mnamjua, ni mtu mzuri mwenye ugonjwa mmoja: hawezi kusikia kosa la Kiswahili likapita. Mmoja wetu alikuwa akimsimulia mama mambo ya siku ile, akasema, "Mabawa yote mawili sasa imeshika vizuri, na kesho—"

"Yameshika," baba akasema.

"—yameshika, na kesho tutaweka ile... ile..."

Hadithi ikafia hapo. Huwa zinafia hapo. Ni sababu mojawapo kwa nini tulipofika miaka kumi na miwili tulikuwa tukijibu kwa Kiingereza kila tulipoulizwa kwa Kiswahili, na kwa nini leo tuko kwenye klabu hii tunajifunza lugha ya nyumbani kwetu kwa kulipa ada.

Babu aliweka kijiko chini. "Mwanangu," alimwambia baba, "usifute ikiwa mbichi."

Baba hakuelewa. Sisi tulicheka mpaka mama akatuuliza kulikoni. Ilibidi aelezwe habari yote ya bawa, na alama ya kidole, na karatasi ya kufutia pua. Tangu jioni ile baba hungoja mtu amalize. Akishamaliza, humwambia. Makosa yetu ni yaleyale, lakini hadithi sasa zinafika mwisho. Walimu wetu mnaosoma jarida hili, hatusemi msitusahihishe. Msasa tunauhitaji, tena wa kutosha. Tunaomba tu sentensi ikauke kwanza.

Turudi kwenye ndege. Super VC10 ina tabia ambayo mtu yeyote aliyeiunda ataijua: kwa kuwa injini zote nne ziko nyuma, modeli hukalia mkia. Isipotiwa uzito puani, gurudumu la mbele linaning'inia hewani. Na uzito huo lazima utiwe kabla ya kufunga vipande viwili vya kiwiliwili, maana baadaye hakuna mlango. Tulishikiza vipande vyote kwa utepe bila gundi, tukajaza sarafu za peni mbili puani moja baada ya moja mpaka pua ikashuka. Zilikuwa nne, karibu gramu 28. Babu alituambia tuongeze ya tano, kwa sababu bado kuna rangi, na rangi nayo ni mzigo. Kisha tukaziondoa sarafu tukanunua chubwi za kuvulia samaki za uzito huo, maana zinaingia vizuri kwenye pua iliyochongoka.

Mmoja wetu alizigandisha chubwi kwa ile gundi nyepesi, kwa adabu zote, brashi imefutwa, mguso mmoja mmoja. Babu alitazama mpaka mwisho. Halafu akasema, "Zitikise." Tukatikisa. Chubwi zikamwagika mezani.

"Mlitia kidogo?" aliuliza.

"Kiasi, Babu. Kama ulivyosema."

"Mngetia kichupa kizima ingekuwa hivyohivyo. Chuma hakiyeyuki."

Hapo ndipo tulipoelewa kwamba swali la kiasi gani lina swali jingine mbele yake. Gundi ya plastiki huunga plastiki kwa plastiki. Chuma, mbao au kioo haivifanyi kitu. Hata plastiki ikishapakwa rangi inabidi ukwangue rangi pale penye kiungo, la sivyo unaiyeyusha rangi tu. Chubwi tulizishika kwa supaglu. Kioo cha mbele cha rubani, ambacho ni plastiki angavu, tulikishika kwa gundi nyeupe ya watoto wa shule, maana supaglu hutoa mvuke unaoweza kukitia ukungu mweupe, na gundi ya plastiki ikimwagika juu yake hailambiki tena. Gundi dhaifu kuliko zote ndiyo iliyofaa mahali palipoonekana zaidi.

Usiku wa kufunga kiwiliwili tulikuwa sote mezani, baba naye. Ni mshono mrefu kuliko yote, sentimita 36 juu na nyingine kama hizo chini, na ni lazima ukae sawa kutoka pua hadi mkia. Mmoja wetu alibana, mwingine akagusa kwa brashi. Babu alishika mkia. Mikono yake hutetemeka ikiwa mitupu, lakini ikishika kitu hutulia. Hatukuwa tumeliona hilo kabla.

Tukiwa tunangoja shanga zichomoze, mmoja wetu akauliza, "Babu, kwani Jumuiya ilivunjika kwa nini?"

Alikaa kimya kwa muda. Tulidhani hatajibu.

"Sababu mtasomeshwa na walimu wenu, ziko nyingi, na kila nchi ina zake. Mimi nawaambia ya Embakasi. Fundi wa Kampala, fundi wa Kisumu na mimi wa Tanga tulikuwa tunaingiza mikono kwenye injini moja. Sisi wa chini tulikuwa tumekwisha kuyeyuka. Ungetuvunja, tungekatikia pembeni. Wale wa juu walikuwa wamebandikana tu."

Baba alimwuliza kuhusu sanduku la vifaa. Hata yeye, tuligundua, hakuwahi kuuliza. Babu alisema waliandikiana barua na yule rafiki yake kwa muda, kisha barua zikakatika. Mpaka ulipofunguliwa mwaka 1983 yeye alikuwa amekwisha kupata kazi bandarini Tanga na ana watoto wanne. Hakwenda Nairobi. "Spana zilikuwa nzuri," alisema. "Natumai alizitumia." Halafu akatuambia tutazame mshono, badala ya kumtazama yeye, maana shanga zilikuwa zimekwisha kutoka.

Siku chache baadaye tulimletea habari tuliyodhani itamfurahisha. Baada ya shirika kufa, zile Super VC10 nne zilizobaki zilirudishwa Uingereza na kugeuzwa ndege za kujazia wenzao mafuta angani, za jeshi la anga la hapa. 5H-MOG ikapewa namba ZA150. Iliruka mpaka mwaka 2013, ikatua Dunsfold, Surrey, na ikawa mali ya makumbusho ya Brooklands. Tulimwonyesha picha. Tulikuwa tumekwisha kupiga hesabu ya nauli ya treni.

Aliitazama picha kwa muda mrefu. "Wameipaka kijivu," alisema. Akaturudishia simu. "Hiyo wameiunda upya, ni ya wenyewe. Yangu ni hii."

Hatukwenda Dunsfold. Tulirudi kwenye msasa.

Bawa la kushoto lilituchukua siku tano. Bonde tulilijaza kwa plastiki tuliyoiyeyusha wenyewe, vipande vya fremu ndani ya gundi kidogo mpaka vikawa uji, tukapaka tabaka jembamba, tukangoja siku, tukapaka jingine. Mistari iliyofutika tuliichonga upya kwa sindano na rula. Upande wa juu huwezi kujua kitu. Upande wa chini alama ya kidole tuliipunguza lakini haikuisha. Tulitaka kuendelea, Babu akatuzuia. Alisema plastiki ya hapo imekwisha kuwa nyembamba, na msasa nao una kiasi chake.

Ilikamilika siku mbili kabla ya safari yake. Nembo za East African Airways tuliagiza kwa mtu anayezichapisha, zile za kulowekwa majini na kutelezeshwa mahali pake. Babu aliomba abandike herufi moja tu kwa mkono wake, ile G ya mwisho ya MOG. Imekaa juu kidogo kuliko wenzake, na tuliiacha hivyohivyo. Kisha akaiweka ndege mezani, akaubonyeza mkia kwa kidole. Pua ikainuka. Akaachia. Pua ikashuka, gurudumu la mbele likagusa meza kwa sauti ndogo. Akarudia mara tatu.

Tulidhani ataichukua. Alisema mkoba wa mkononi unatikisika, na ndege nzima si kama boksi la vipande. Isitoshe, akiiacha hapa atakuwa na sababu ya kuja kuikagua.

Usiku wa utamaduni wa klabu, tutaileta. Itakuwa kwenye meza ya karibu na mlango, mbali na sambusa tafadhali. Mnaruhusiwa kuibonyeza mkia, lakini taratibu. Mkiigeuza mtaiona alama ya kidole chini ya bawa la kushoto. Ni ya mmoja wetu.